UZI: Shingo imenitesa miaka mitatu, nikaenda kukandwa Majengo. Nawasimulia

SindanoNaUzi (Jumapili, saa tatu usiku)

Hamjambo nyote. Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka apite tu.

Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kiko upande wa Kariokor, Nairobi. Riziki yangu kubwa ni sare za shule. Katikati ya mwaka ni kupunguza buibui, kupinda mapazia, na kupanua suruali za waheshimiwa walionenepa. Shingo ilianza Januari 2023, ule msimu wa Gredi ya Saba ya kwanza ya mtaala mpya. Marinda yalijaa mpaka mlangoni, nalala saa sita naamka saa kumi. Asubuhi moja nikaamka shingo imekataa kugeuka kulia. Nikasema nimelala vibaya. Niliendelea kusema nimelala vibaya mpaka Juni.

Maumivu yenyewe yanaanzia kisogoni, yanateremka shingoni, yanakita juu ya kombe la bega la kulia. Mteja akiniita kutoka upande huo, nageuka mwili mzima pamoja na stuli. Jioni kichwa kinabana kama nimevaa kofia ya mtoto.

Hospitali niliyoenda siitaji. Nilipigwa eksirei, nikaambiwa kwa dakika nne kwamba mifupa imeanza kulika kwa sababu ya umri (nina 43), nikapewa vidonge vya maumivu na kola ya shingo. Kola niliivaa wiki mbili, na nilipoivua shingo ilikuwa legevu kuliko mwanzo. Vidonge vilituliza shingo vikachoma tumbo. Nikaacha vyote viwili, nikazoea.

Februari hii mteja wangu mmoja wa buibui akaona ninavyogeuka. Akacheka kwanza, kisha akasema, "Mama, funga kibanda, twende kwa bibi." Tukaenda Majengo ya Pumwani. Bibi asili yake ni Lamu lakini amezaliwa hapa hapa. Umri hasemi, ila wajukuu zake wana watoto. Kucha amezikata mpaka kwenye nyama. Alinikalisha mkekani nikampa mgongo, akapasha mafuta ya simsim kwenye kijiko juu ya jiko la makaa, akanipaka, halafu akanyamaza. Hakuanza kukanda. Alitembeza kidole gumba juu ya bega polepole, vile mimi hupapasa kitambaa kutafuta mahali uzi umekatika. Kidole kikasimama. "Hapa," akasema. Na hata sikuwa nimeguna.

Kati ya shingo na ncha ya bega kulikuwa na fundo kama punje ya harage. Alilikandamiza akalishikilia, hakusugua. Maumivu yaliruka yakapanda nyuma ya sikio mpaka kwenye panja. Akaniambia nipumue kama mtu anayepuliza chai. Nilihesabu pumzi kumi na mbili, na fundo likaanza kulainika chini ya kidole chake kama nta. Kisha akahamia kisogoni, kwenye vile vishimo viwili chini ya fuvu, akasukuma kuelekea juu. "Upepo umekaa hapa," akasema.

Nilipoinuka niligeuka kulia nikauona mlango. Miaka mitatu sijaona mlango ulio kulia kwangu bila kusogeza kiti. Nililia, na safari hii si kwa maumivu.

Sasa shida. Hiyo ilikuwa Jumamosi. Jumatano saa kumi jioni fundo limerudi pale pale. Nimeenda mara tatu, na mara zote tatu linarudi Jumanne au Jumatano. Wenye kujua, hii ni tiba ama ni kubembelezwa? Na kwa nini fundo liko begani lakini kinachouma ni kichwa?

KaloWaUmoja

Weka namba ya bibi.

SindanoNaUzi

Amekataa. Alisema simu zikianza kulia hatapata nafasi ya kuswali.

KaloWaUmoja

Basi bei?

SindanoNaUzi

Hana bei. Unaweka kitu chini ya mkeka. Mimi huweka mia tano. Mkono mtupu haulambwi.

FizioMtaani

Pole mama. Mimi ni fizio, yaani mtaalamu wa tiba ya viungo, na nikupe hongera kwa kueleza vizuri, maana wengi wakija kwangu huniambia "huku kote" wakizungusha mkono.

Ule msuli mkubwa unaoanzia kisogoni, ukatanda begani na kushuka mpaka katikati ya mgongo, tunauita trapezi. Chini yake kuna mwingine mwembamba unaoinua kombe la bega. Ukiinama juu ya cherehani, misuli hiyo ndiyo inayozuia kichwa kisidondokee kwenye sindano. Kichwa cha mtu mzima ni kilo 5 hivi. Mwaka 2014 daktari mmoja wa upasuaji wa uti wa mgongo huko New York alipiga hesabu kwa modeli ya kompyuta: ukiinamisha kichwa nyuzi 60, shingo inabeba mzigo wa kama kilo 27. Ni hesabu ya modeli, hakuna aliyewekewa mizani shingoni, lakini picha unaipata. Beli ya unga ni kilo 24. Wewe unashinda nayo kisogoni kuanzia asubuhi.

Msuli uliokazwa hivyo saa nyingi hufanya mafundo. Kuhusu kichwa kuuma: Janet Travell, daktari Mmarekani aliyemtibu Rais Kennedy, alitumia miaka mingi akichora ramani za mafundo haya, ukibonyeza hapa panauma kule. La juu ya bega hupanda nyuma ya sikio hadi kwenye panja, neno kwa neno kama ulivyoandika. Bibi wako hakuhitaji ramani.

Kuhusu ile eksirei usiogope sana. Watu wengi waliopita 40, hata wasioumwa na chochote, ukiwapiga picha utakuta pingili zimelika kidogo. Picha inaonyesha umri, haionyeshi maumivu.

Lakini nisikilizeni nyote mnaosoma hapa. Ganzi au udhaifu mikononi, miguu kuyumba, kushindwa kuzuia mkojo, homa pamoja na shingo ngumu, kukonda bila sababu, au maumivu yaliyoanza baada ya ajali: hayo hayapelekwi kwa mkandaji. Hayaletwi kwangu pia. Ni hospitali moja kwa moja.

MapokeziKilimani

Ngoja niingie hapo. Niko mapokezi kwenye kliniki ya Wachina huku Kilimani mwaka wa nne sasa, na nimetafsiri mpaka nimeanza kuota pointi, zile sehemu za mwili wanazobonyeza au kuchoma sindano. Mama, bibi wako alikubonyeza mahali pale pale daktari wetu hubonyeza kila siku.

Ile ya juu ya bega inaitwa Jianjing, maana yake kisima cha bega. Ukitaka kuipata, inamisha kichwa, papasa mfupa unaochomoza zaidi chini ya shingo, halafu pima kutoka hapo mpaka ncha ya bega. Kisima kiko katikati. Vile vishimo vya kisogoni ni Fengchi. Unajua maana yake? Bwawa la upepo. Wachina tangu zamani husema upepo huingia mwilini kwa kisogo ukakaa hapo, ndiyo maana wazee wao hufunga skafu hata jua likiwaka. Nilipofika mahali bibi amesema "upepo umekaa hapa" niliweka simu chini kidogo.

Pointi hizi si za kubuni kila mtu na yake. Shirika la Afya Duniani lilichapisha mahali pa pointi 361 mwaka 2008, baada ya wataalamu wa Uchina, Japani na Korea kubishana kuhusu zile ambazo hawakukubaliana.

Kuna moja unaweza kuitumia ukiwa kibandani. Geuza kiganja chini. Katikati ya mifupa ya kidole cha shahada na cha kati, nyuma tu ya vifundo vya vidole, pana kishimo. Bonyeza huku unageuza shingo polepole kulia na kushoto, dakika moja au mbili. Daktari wetu husisitiza hilo: pointi ya mkononi bila kugeuza shingo ni kazi bure. Jina lake ni Luozhen, kuanguka kutoka kwenye mto.

KaloWaUmoja

Mto wa kulalia ama Mto Nairobi? Maana nikianguka huo wa pili shingo si tatizo tena.

MapokeziKilimani

😂 Wa kulalia. Ni jina la ile shingo ya mtu aliyelala vibaya.

MamaTarajali_Donholm

Niko miezi saba na shingo imenikaza. Naweza kujibonyeza hicho kisima cha bega?

MapokeziKilimani

Hapana dada. Kisima cha bega, na ile ya kati ya kidole gumba na cha shahada inayoitwa Hegu, kwa mjamzito hatugusi kabisa. Ndiyo mila ya Wachina tangu zamani, husemwa zinasukuma mtoto. Vishimo vya kisogoni daktari wetu huwafanyia wajawazito kwa wepesi, lakini mwambie mkunga wako kwanza.

FizioMtaani

Uthibitisho kwamba zinaleta uchungu ni hafifu, ila ukiziacha hupotezi kitu. Lala kwa ubavu wa kushoto, mto ujaze nafasi kati ya sikio na bega. Wengi wenu mto wenu ni mwembamba kama chapati.

MjukuuWaShela

Asalaam aleikum. Nimefurahi kumsoma bibi wa kwetu humu. Nifafanue kidogo maana nimeona kwenye mitandao watu wanachanganya mambo. Kwetu pwani kuna kukanda na kuna kuumika. Mkandaji hufanya kazi kwa mikono na mafuta: nazi, simsim, na mnyonyo kwa wanaotaka mazito. Muumikaji hutumia chuku. Zamani ilikuwa pembe ya ng'ombe, anafyonza hewa kwa mdomo na kuziba tundu kwa nta. Siku hizi ni vikombe vya plastiki vyenye pampu, na Eastleigh ukitembea kidogo utaona vibao vya hijama, ndilo jina la Kiarabu la kuumika. Chuku kavu huvuta ngozi tu. Ya damu huchanjwa kwanza kwa wembe. Wengi huipanga tarehe 17, 19 au 21 za mwezi mwandamo, kwa kufuata Sunna.

Nilifanyiwa kavu juu ya mabega, nikapata nafuu siku mbili tatu na madoa kama nimepigwa na vifuniko vya chupa. Ya damu mimi sikatazi mtu, ila wembe ufunguliwe mbele ya macho yako, na vikombe viwe vyako ama vya kutupwa. Ukiona anafuta kikombe kwa kitambaa akakirudisha mezani, vaa shati uende.

Na huyo bibi asiyesugua, anayeshikilia tu, huyo amefundishwa. Mkandaji mchanga husugua mpaka ngozi inababuka.

MafutaBora254

Habari. Tuna mafuta ya mitishamba yanayoondoa maumivu ya shingo, mgongo, kisukari na nguvu za

KaloWaUmoja

Na nguvu za kumaliza sentensi hayana?

SindanoNaUzi

Tafadhali uzi wangu si soko.

NduthiYaZimma

Wasee wacha niseme yangu, labda itamsaidia mtu. Mimi ni wa boda, shingo yangu inaumwa na helmeti na matuta. Nilikuwa na kinyozi wangu, baada ya kunyoa anapaka spiriti, anakanda kichwa, halafu anashika kidevu na kisogo, ka! upande huu, ka! upande ule. Nilikuwa napenda hiyo sauti kuliko kunyolewa kwenyewe. Siku moja alipopiga ya pili niliona ukuta unazunguka. Nikatapika kwenye beseni lake. Nikashindwa kutembea, nikashikiliwa mpaka hospitali. Nilikaa siku mbili, wakaniangalia, wakasema una bahati. Kinyozi hakunilipisha, hiyo ndiyo fidia niliyopata.

Swali: huyu kinyozi na huyo bibi si wanafanya kitu kimoja?

FizioMtaani

Hapana kaka, na nashukuru umeuliza. Kuna mishipa miwili ya damu inayopanda kwenda kwenye ubongo, na inapita ndani ya matundu ya pingili za shingo zenyewe. Pingili ziko saba, na mishipa hiyo hupenya kwenye sita za juu. Ukikunjwa shingo kwa ghafla, ukuta wa mshipa unaweza kuchanika, damu ikaganda, ikazalisha kiharusi. Hutokea mara chache sana, lakini ikitokea inaweza kumpata kijana mzima kama wewe. Bibi anakandamiza msuli, pingili anaiacha ilipo. Kinyozi anaipindua pingili bila kujua anachopindua. Mwambie akate nywele.

Na jambo lingine. Bonyezeni nyuma na juu ya bega tu. Mbele ya shingo, pale unapohisi mapigo ya moyo ukiweka kidole kando ya koo, msiguse. Pana kipimo cha mwili cha shinikizo la damu hapo. Ukikikandamiza, moyo unaweza kupunguza mwendo ghafla mtu akaanguka chini, na kwa mzee mwenye mafuta kwenye mishipa ni hatari zaidi.

MwanaWaMurangʼa

Nikiwasoma namkumbuka mamangu. Alibeba kuni na maji kwa mukwa, ule mshipi wa ngozi unaopita kwenye utosi na mzigo ukakaa mgongoni. Mpaka leo ana mfereji kichwani, unaweza kulaza kidole ndani. Kuna utafiti wa 1986 kwenye jarida la Nature, Profesa Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake. Waliwapima akina mama wa Kikuyu wenye mshipi na wa Kijaluo wanaobeba kichwani. Wakakuta mama anaweza kubeba mzigo wa asilimia 20 ya uzani wake na mwili hautumii nguvu ya ziada hata kidogo. Wazungu walishangaa. Mama hakushangaa, aliuliza kama hao maprofesa walimbebea mtu yeyote.

Ila hawakupima shingo. Mamangu hulala na kanga imefungwa kichwani kwa sababu ya maumivu, na jioni hutuita mmoja wetu amkalie nyuma ambonyeze kisogo. Sikujua pana jina. Bwawa la upepo. Nitamwambia.

TomasoWaSouthB

Samahani nitakuwa mchawi wa uzi huu. Mtu akikushika kwa upole nusu saa, akakupaka mafuta ya moto, akakusikiliza, utapona hata kidonda cha mapenzi. Nani amethibitisha pointi ni pointi? Bonyeza sentimita tano kando uone kama kuna tofauti.

FizioMtaani

Tomaso, swali lako ni la haki, na jibu si safi. Chukua utafiti mmoja mkubwa wa Uingereza uliotoka 2015. Walichukua watu 517 wenye maumivu sugu ya shingo. Kundi moja lilipata sindano za Kichina, jingine mafunzo ya mkao, la tatu matibabu ya kawaida peke yake. Baada ya miezi 12 makundi mawili ya kwanza yalikuwa na nafuu kuliko la tatu, na karibu sawa kwa sawa. Sindano zilisaidia, naam. Lakini hakukuwa na kundi la sindano za uongo, kwa hiyo huwezi kusema ni pointi ama ni ule umakini wa kuhudumiwa. Na hizo ni sindano. Tafiti za vidole ni chache na ndogo.

Uingereza hiyo hiyo, mwongozo wao wa 2021 wa maumivu sugu yasiyo na chanzo kingine unaruhusu kujaribu sindano, huku ukiwaambia madaktari wasianzishe vidonge vya kawaida vya maumivu kwa watu hao. Hilo lilinigusa nikikumbuka tumbo la mama fundi.

Kuhusu sentimita tano: mara nyingine tofauti ni ndogo, nakubali. Lakini fundo lipo, ukilipapasa unalikuta. Mimi huenda kwenye fundo, jina lake aliite anayetaka.

MapokeziKilimani

Niongeze jambo ambalo bosi wangu hatapenda. Kisima cha bega kwa sindano si mchezo, ncha ya pafu iko chini yake. Sindano ikiingia sana inatoboa. Kwa kidole hakuna hatari hiyo. Ukitaka sindano, uliza vyeti vya anayechoma. Sheria ya Afya ya 2017 inatambua tiba za asili na mbadala, lakini kutambuliwa hakumfundishi mtu sindano iingie kina gani.

TomasoWaSouthB

Sawa. Nimekubali robo.

Binti_wa_Kayole

Jamani babangu ana miaka 66, shingo inamuuma mwaka wa pili. Mwezi huu ameanza kushindwa kufunga vifungo vya shati, na jana alidondosha kikombe mara mbili. Anatembea akiwa amepanua miguu kama yuko kwenye mashua. Nimpeleke kwa huyo bibi Majengo? Niko tayari hata kesho.

FizioMtaani

Dada, usimpeleke kwa bibi. Asikandwe na mtu yeyote, hata wewe. Vifungo, vikombe na mwendo huo vikija pamoja vinaashiria uti wa mgongo wenyewe umebanwa shingoni. Kesho hiyo hiyo mpeleke hospitali kubwa yenye daktari wa mishipa ya fahamu, na useme maneno haya haya uliyoandika hapa: vifungo, kikombe, miguu. Usiseme tu "shingo inamuuma", utapewa vidonge.

Binti_wa_Kayole (siku tisa baadaye)

Nimerudi kushukuru. Tulimpeleka. Nilisema yale maneno matatu, daktari akaacha kuandika akamtazama baba. Amepigwa MRI, anabanwa sehemu mbili. Tunangoja tarehe ya upasuaji, na ya SHA, bima ya afya ya serikali, tunahangaika nayo. Muombeeni.

SindanoNaUzi

Tunamuombea mzee wetu.

SindanoNaUzi (wiki tano baada ya kufungua uzi)

Nimekaa kimya kwa sababu ya kazi. Hii ndiyo habari yangu.

Mara ya nne nilipoenda, bibi alipapasa bega akakuta fundo liko mahali pake kama mpangaji. Akaondoa mkono. Akaniuliza, "Wewe unafanya kazi gani hasa?" Nikamwambia cherehani. "Hebu kaa unavyokaa." Nikakaa mkekani, nikanyoosha mikono kama nasukuma kitambaa, nikainama. Akanitazama kitambo. Akasema, "Mwanangu, mimi nakuchotea maji na ndoo yako imetoboka." Siku hiyo alinibonyeza kidogo tu, na mia tano yangu akanirudishia mkononi. Nilitahayari hata sikujua niseme nini.

Nikarudi kibandani nikajiangalia. Cherehani yangu ni ya kukanyaga, meza yake ilitengenezwa kwa mtu mfupi kuliko mimi. Ili nione sindano ilinibidi nishushe pua mpaka kwenye sahani ya chuma. Nikamwita fundi wa mbao wa jirani. Aliniuliza kama nafungua kanisa, nikamwambia nainua madhabahu ya shingo. Akanikatia vipande vinne vya kuweka chini ya miguu ya meza. Ikabidi na stuli iinuke, na kanyagio nikaliwekea kibao ili mguu ufike. Siku mbili za kwanza nilishona mapindo ya kwenda kombo, mkono ulikuwa haujazoea. Sasa naona sindano nikiwa nimeinamisha kichwa kidogo tu.

La pili ni bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini wa cherehani. FizioMtaani alinitumia ujumbe kwamba nisikae zaidi ya nusu saa bila kusogeza shingo. Mimi na saa hatuelewani. Lakini bobini huisha yenyewe. Kwa hiyo sheria ni hii: bobini ikiisha, kabla ya kujaza nyingine, kidole gumba cha kushoto kwenye kisima cha bega la kulia, pumzi tano, nageuka kulia, nageuka kushoto, navuta kidevu ndani kama nakataa busu. Wateja wanacheka. Kwa rinda moja la mtoto sijasogea hata mara moja, kwa mapazia ni mara nyingi mpaka nachoka nayo.

Kwa Luozhen ya MapokeziKilimani: kwangu inasaidia asubuhi nikiamka nimekaza, mchana sioni tofauti. Huo ni ukweli wangu.

Fundo bado lipo. Limekuwa dogo, kama punje ya mchele, na Jumatano zimepita tatu bila kichwa kubana. Kwa bibi naenda mara moja kwa mwezi. Siku hizi tunakunywa chai zaidi ya kukandana, na jana nilimpunguzia buibui mbili.

NduthiYaZimma

Maze hongera mama. Mimi nimebadilisha kinyozi.

TomasoWaSouthB

Kwa hiyo ni mbao zilizokuponya.

SindanoNaUzi

Tomaso, kabla ya bibi nisingeweza hata kugeuka niangalie miguu ya meza.

FundiCherehani_Githurai

Mbao ni inchi ngapi? Mimi natumia juki, ile cherehani ya umeme, meza ni ya chuma.

SindanoNaUzi

Zangu ni inchi tatu mbele na nne nyuma, meza iinamie kwako kidogo. Ukizidisha, mkasi unateleza mpaka mapajani. Ya chuma usikate mbao kwanza. Weka magazeti ya zamani chini ya miguu, shona siku nzima, ongeza au toa mpaka shingo iseme sawa, ndipo uite fundi. Na zima stima ya juki unapoinua, mimi jirani yangu alisahau akashona kidole.